Mkono Mmoja: Maswali ya "Muuguzi Afanye Nini Kwanza?"

Mara ya kwanza nilipofanya NCLEX, ule mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani, kompyuta ilinikatia kwenye swali la 112. Hakuna kengele wala onyo. Unabonyeza jibu, unasubiri swali linalofuata, na badala yake unaambiwa umemaliza. Nilibaki nimeshika kipanya kama mtu aliyekatiwa simu katikati ya mazungumzo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja kazini, sita wodi ya wazazi na mitano wodi ya upasuaji. Nikatoka nikijua nimepita. Sikupita.

Ripoti wanayompa aliyefeli haina alama. Ina orodha ya maeneo ya mtihani, na mbele ya kila eneo wanakwambia ulikuwa juu ya kiwango, karibu na kiwango, au chini yake. Dawa nilikuwa juu. Kuzuia maambukizi, juu. Usimamizi wa huduma, yaani nani aonwe kwanza, kipi kitangulie, kazi gani apewe nani: chini. Hiyo iliniuma kuliko kufeli kwenyewe. Ningeanguka kwenye hesabu za dripu ningesema sawa, mimi na hesabu hatujawahi kuelewana. Lakini kujua kipi kitangulie ndiyo kazi niliyoifanya kila zamu, na wanafunzi walikuwa wakiletwa kwangu wajifunze hicho hicho.

Kanuni ni kusubiri siku 45 kabla ya kurudia. Wiki ya kwanza sikugusa kitabu. Wiki ya pili nikachukua daftari na kuanza kuandika kila swali la mazoezi la "kwanza" nililokosa. Sikuishia kwenye jibu sahihi, niliandika pia kilichonivuta kwenye jibu langu. Hapo ndipo pagumu, maana ukishaliona jibu sahihi akili hujifanya ilikuwa inalijua siku zote. Maswali ya mtihani wenyewe siyasemi hapa. Kabla ya kuanza unakubali kwamba hutayatoa nje, na mimi nilikubali. Haya yote nimeyatunga mwenyewe kwa kufuata sura ya makosa yangu.

Nilipofika ukurasa wa kumi na tano hivi nikaliona. Zaidi ya nusu ya makosa yalikuwa ndugu wa tumbo moja: nilichagua kupima, kuuliza, kuangalia au kusikiliza, wakati jibu lilikuwa kufanya. Na nilijua nimelitoa wapi. Kwenye darasa moja la kujiandaa nililokuwa nimelipia, mwalimu alitukaririsha kama wimbo: tathmini hutangulia, kwa hiyo ukiona jibu la kutathmini, shika hilo ukimbie. Hakuwa amelizua. Hatua za uuguzi ndivyo zilivyopangwa: unakusanya taarifa, unatambua tatizo, unapanga, unatekeleza, halafu unapima matokeo. Kosa lilikuwa kudhani kila swali linaanzia hatua ya kwanza.

Chukua hili. Mgonjwa anaongezewa damu. Dakika ya kumi anaanza kutetemeka, anasema kiuno kinamuuma na kifua kinambana. Muuguzi afanye nini kwanza? Apime joto na presha, asimamishe damu, amwite daktari, au aanze maji ya chumvi kwa mpira mpya?

Nilijibu joto na presha. Naandika hili hadharani na aibu bado ninayo. Yote manne yanafanywa, na yanafanywa ndani ya dakika chache, ndiyo maana swali linauma. Lakini mimi huyu, wodini, ningekuwa nimeshakifunga kile kigurudumu cha kwenye mpira kwa kidole gumba kabla sijafungua mdomo kumuuliza mgonjwa chochote. Nimewahi kufanya hivyo. Kidole kilijua. Kwenye karatasi nikamweka mtu kipimajoto kwapani huku damu ambayo huenda si ya kundi lake ikiendelea kumwingia tone kwa tone, nami nasubiri namba.

Namba ya nini? Kutetemeka, kiuno, kifua: tathmini ndiyo hiyo, imeshafanyika. Mtunga swali ameingia chumbani kabla yako, amemwangalia mgonjwa, amekuletea majibu. Wewe unaomba aende tena. (Na ule mpira mpya una maana yake: ukifungulia maji ya chumvi kwenye mpira uleule, cha kwanza kuingia mwilini ni damu iliyobaki ndani yake. Lakini hiyo ni hatua ya pili.)

Nikaandika juu ya jalada la daftari, kwa kalamu nyekundu: JE, SWALI LIMESHANIAMBIA? Nikawa silitazami jibu hata moja kabla sijalijibu hilo. Kama limeshaniambia, kazi ni ya mikono. Kama halijaniambia, kazi ni ya macho na masikio.

Mfano ulioniweka sawa niliutoa wodi ya wazazi, kwa sababu huko mwili wangu una kumbukumbu. Mama amejifungua saa moja iliyopita. Swali la kwanza: umeshika tumbo, mfuko wa uzazi ni laini, haujakaza. Ufanye nini? Unausugua hadi ukaze. Huendi kupima presha, hupigi simu, hutafuti dawa, mkono wako tayari uko pale pale panapotakiwa. Swali la pili: mfuko umepanda juu ya usawa wa kitovu na umekaa upande wa kulia. Hapo unamsaidia mama akojoe, kwa sababu kibofu kilichojaa ndicho kinachousukuma na kuuzuia kukaza. Swali la tatu: mama anakwambia anahisi damu inamtoka nyingi. Basi, hakuna kingine. Hapo ndipo unafunua shuka, unaangalia pedi, unashika tumbo. Mama yuleyule, kitanda kilekile, hofu ileile ya kutoka damu, na majibu matatu tofauti, kwa sababu mara ya tatu hakuna aliyekutangulia kuangalia.

Sasa niwape kisa kilichonifanya niite andiko hili nilivyoliita. Miaka mingi kabla ya mtihani, usiku, mama mmoja chupa ilipasuka akiwa amelala kitandani. Nilikwenda kumwangalia. Nikavaa glavu, nikampima njia, na vidole vikagusa kitu laini kama kamba iliyolowa, na kile kitu kilikuwa kinadunda. Kitovu cha mtoto kimetangulia kichwa. Ukishakigusa hujiulizi mara mbili: kichwa kikishuka kitakibana kitovu na mtoto atakosa damu. Nikakisukuma kichwa juu kwa vidole viwili, nikakishikilia hapo. Nikapaza sauti. Mwenzangu akaja mbio, tukamgeuza mama akae kwa magoti na kifua, makalio juu, mkono wangu ukiwa hapohapo.

Kuanzia hapo sikuwa na mkono. Simu ya daktari ilipigwa na mwingine. Oksijeni iliwekwa na mwingine. Fomu ya ridhaa, dripu, mapigo ya mtoto, kuita watu wa chumba cha upasuaji, vyote vilifanywa na watu wengine watatu waliokuwa wakipishana mlangoni. Mimi nilipanda kitandani nyuma ya yule mama, nikasukumwa naye kwenye korido lote, kofia imeanguka, bega linawaka moto, vidole vimekufa ganzi. Sikuutoa mkono hadi mtoto alipotolewa kwa upasuaji. Alilia. Nilikaa sakafuni nikijisugua kiganja.

Miaka mingi baadaye nikiwa na daftari langu la kalamu nyekundu ndipo nikaelewa kwamba swali la "kwanza" limetungwa kwa umbo la usiku ule, ila wale wengine watatu wamefutwa. Wodini mambo manne hufanyika kwa pamoja kwa sababu tuko wanne. Nilipokuwa najibu, nilikuwa najibu kama wodi nzima: "tutapima, tutaita, tutafunga." Mtihani unauliza mkono mmoja uliopo uende wapi, na ukishaenda hapo, mengine yote yasubiri. Kwa hiyo nikaanza kuvisoma vile vichaguzi vinne kwa namna moja: nikifanya hiki kimoja, na hivyo vitatu visifanyike kwa dakika mbili zijazo, mgonjwa atakuwaje? Kwenye swali la damu, niache joto na simu na maji ya chumvi kwa dakika mbili, mgonjwa yuko salama kiasi. Niache damu iendelee kwa dakika mbili ili nipime joto, nimemdhuru.

Njia hiyo ilinisaidia pia kwenye mtego wa daktari. Mimi ni mtu wa simu. Nimelelewa kwenye wodi ambazo ukichelewa kumwita daktari wa zamu asubuhi unajieleza mbele ya watu. Kwa hiyo kila jibu lenye "mwite daktari" liliniangalia kwa huruma. Walimu wengi wanakwambia liepuke daima, na kwa sehemu kubwa wana haki: ukiwa na kitu cha kufanya kwa mikono yako, ndani ya mamlaka yako, kinachopunguza hatari sasa hivi, kukimbilia simu ni kumwacha mgonjwa peke yake. Lakini "daima" ndiyo ile ile "shika hilo ukimbie" iliyovaa kanzu nyingine.

Kijana amevunjika mguu, amefungwa plasta asubuhi. Jioni anasema maumivu yanazidi, ameshapewa mofini na haijamgusa, na ukivinyoosha vidole vyake vya mguu kidogo tu anapiga kelele. Uinue mguu juu ya usawa wa moyo, uweke barafu, uombe aongezewe dawa ya maumivu, au umjulishe daktari wa upasuaji mara moja? Hapa simu ndiyo kitendo. Shinikizo ndani ya misuli limepanda hadi damu haipiti vizuri, na kinachohitajika ni plasta ifunguliwe au ngozi na utando unaobana misuli vipasuliwe, kazi ambayo si yangu. Kuuinua mguu juu ya moyo, kitu ambacho mikono yangu imezoea kufanya kwa kila mguu uliovimba, kunazidi kupunguza damu inayofika. Barafu inabana mishipa. Dawa zaidi inanyamazisha kengele. Nilikosa swali la aina hii mara mbili kwa wiki moja, mara zote mbili nikiwa najivunia kwamba nimeepuka jibu la daktari.

Na angalia hapo maumivu yalivyofanya kazi. Kwa kawaida, ukiwa na wagonjwa wanne, mwenye maumivu hushuka chini kwenye foleni, hata akiwa na nane kati ya kumi, kwa sababu maumivu ya siku ya kwanza baada ya upasuaji yanatarajiwa. Yule kijana maumivu yake hayatarajiwi. Dawa ilipaswa kuyashusha na haikuyashusha. Neno "linatarajiwa" halimo kwenye swali, ni wewe unayepaswa kulileta.

ABC sasa. Njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu. Kila muuguzi anaijua, na hiyo ndiyo shida yake, kwa sababu watunga maswali wanajua tunaijua. Wanaweka neno "oksijeni" kwenye kichaguzi kimoja na kulala usingizi. Mgonjwa aliyeumia uti wa mgongo kwenye pingili ya nne ya kifua, wiki kadhaa zimepita, ghafla kichwa kinampasuka, uso mwekundu unatiririka jasho, presha 210/110. Oksijeni? Anapumua vizuri. Dawa ya presha? Huenda ikahitajika baadaye. Kuangalia kama mpira wa mkojo umejikunja? Hapo ndipo wengi hunaswa, na mimi nilinaswa, kwa sababu ndiyo sababu yenyewe mara nyingi: kibofu kimejaa, mwili chini ya jeraha unapiga kelele ambayo ubongo hauwezi kuizima, mishipa inabana, presha inapaa. Jeraha likiwa kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake, hii ni dharura. Lakini kwanza unamkalisha wima. Kumkalisha kunachukua sekunde tano na damu inashuka kuelekea miguuni, presha inapungua kidogo wakati wewe unainama kutafuta mpira uliojikunja. Ukianza na mpira, ukaukosa, ukaanza kufunua blanketi, mtu anaweza kupata kiharusi akiwa amelala chali mbele yako.

Halafu ABC yenyewe ina siku inapogeuka. Aliyesimama moyo, asiyepumua, asiye na mapigo, unaanza kukandamiza kifua. American Heart Association, chama cha Marekani cha mambo ya moyo, iligeuza mpangilio huo mwaka 2010, ikaweka mzunguko wa damu mbele ya njia ya hewa, na bado nakutana na wauguzi wa rika langu ambao mkono huenda kwenye kidevu kwanza. Tulifundishwa hivyo. Mimi nililazimika kulifuta kwa makusudi.

Aina ninayoipenda sana, sasa hivi maana zamani niliichukia, ni ile ya wagonjwa wanne baada ya kupokea zamu. Nimetunga hili kwa ajili ya mwenzangu wa kusoma, na tulibishana nalo hadi simu yake ikaisha chaji:

Mzee mwenye ugonjwa sugu wa mapafu kwa miaka mingi, oksijeni kwenye kidole inasoma asilimia 89. Mama mwenye kisukari, sukari 3.5, yuko macho, anaongea, anasema anatetemeka. Mtu wa siku ya kwanza baada ya upasuaji wa tumbo, maumivu nane kati ya kumi. Binti mwenye pumu ambaye kwenye makabidhiano umeambiwa alikuwa akipiga mluzi mkubwa kifuani, na sasa ametulia, mluzi hausikiki tena.

Ukisoma haraka, binti ndiye aliyepona. Ndivyo lilivyotungwa. Namba mbaya zaidi ya oksijeni ni ya mzee, na mikono ya ABC inakimbilia kwake. Lakini mzee huyo ndivyo anavyoishi: kwa wagonjwa wa aina yake lengo ni kati ya 88 na 92, kwa hiyo 89 ni Jumanne yake ya kawaida. Mama wa kisukari ana dharura ndogo ya kweli, sukari iko chini ya 3.9, anahitaji gramu 15 za sukari ya haraka na kupimwa tena baada ya dakika 15; ni wa pili. Mwenye maumivu ni wa tatu, na naomba radhi zake. Binti ni wa kwanza. Pumu inapiga mluzi kwa sababu hewa inapenya mahali pembamba. Mluzi ukikoma bila dawa kumaliza kazi yake, bila kuambiwa kwamba anaongea sentensi nzima na rangi imerudi, unapaswa kufikiri kwamba hakuna hewa inayopenya tena. Kifua kilichonyamaza ndicho kinachoua.

Mwenzangu aliniuliza, "Lakini dada, mbona wewe ulisema tusipime tena kilichopimwa? Binti ameshapimwa." Nikamwambia swali hili linauliza mlango upi ufunguliwe kwanza, halijafika kwenye lile la ukishafika kitandani ufanye nini. Ni maswali mawili tofauti, ingawa yote yana neno "kwanza". Alinyamaza kidogo halafu akasema, "Mngesema mapema."

Kuhusu mashine nitasema kidogo tu. Kama monita ya moyo inaonyesha mstari ulionyooka, mwangalie mtu. Huenda amekaa anasoma gazeti na waya umechomoka. Hapa tathmini inashinda, kwa sababu kilichokuambia ni mashine, na mashine haijamgusa mgonjwa.

Tangu tarehe 1 Aprili 2023 mtihani umebadilika sura, na kwa kweli mabadiliko yalinisaidia. Sasa kuna visa vya wagonjwa, kila kimoja na maswali sita yanayofuatana: kwanza utambue dalili zenye maana, kisha uzielewe, uamue tatizo lipi linatangulia, utafute suluhisho, uchukue hatua, upime matokeo. Watu wengi wanavilalamikia kwa sababu ni virefu. Mimi niliona vinaniwekea mezani kile nilichokuwa nikikiandika kwa kalamu nyekundu. Ukifika swali la tano la kisa, la kuchukua hatua, dalili ulizitambua tangu la kwanza. Huwezi kujidanganya kwamba bado hujui. Maswali yanayokuja peke yake, nje ya visa, ndiyo yanakuficha uko hatua ya ngapi, hadi ujiulize mwenyewe.

Mengine ni ya kujipanga. Maswali hayapungui 85 wala hayazidi 150, muda ni saa tano pamoja na mapumziko, na ukishapita swali huwezi kurudi nyuma. Kati yake kuna 15 yanayojaribiwa tu, hayahesabiwi, na huwezi kuyatambua. Kwa hiyo swali linapokuja la ajabu kabisa, ugonjwa ambao hujawahi kuusikia, lijibu kwa akili ya kawaida na uliache liende. Mara ya kwanza nililibeba moja kama hilo kwa maswali mengine kumi, nikawa nalijibu kichwani huku mengine yakipita.

Mara ya pili ilinikatia swali la 91. Sikujua chochote nilipotoka. Matokeo yalipokuja nilikuwa zamu ya usiku, nikayasoma chooni.

Daftari nimempa yule mwenzangu, mdogo wangu wa kazi, ambaye mtihani wake uko karibu. Nilidhani atalisoma. Amegeuza upande wa nyuma na kuanza kuandika makosa yake, na nimegundua ugonjwa wake ni kinyume cha wangu kabisa: yeye hufanya kabla ya kuuliza. Anafunga, anafungua, anageuza, anaweka oksijeni. Juzi tulikaa na swali hili. Mgonjwa wa sonona amekuwa kimya wiki mbili, hali chakula, haongei. Leo ameamka mchangamfu, ameoga, amempa jirani wa kitanda redio yake na kusema "mimi sitaihitaji." Muuguzi afanye nini kwanza? Alichagua kuondoa mkanda, nyembe na kamba za viatu chumbani. Mimi nikasema jibu ni kumuuliza moja kwa moja kama anafikiria kujiua, na kama amepanga namna gani.

"Dada, ameshagawa redio. Swali limeshaniambia. Ni kalamu yako nyekundu hii."

Nikamwambia swali limemwambia kuna hatari, halijamwambia njia, wala lini, na njia huenda haina uhusiano na mkanda. Na kwamba anapouliza yuko pale kitandani naye, hajageuka mgongo kupekua kabati. Akasema ukiwa unamuuliza nyembe bado iko mfukoni. Nikasema ndiyo maana unauliza. Akaandika jibu langu kwenye daftari, akapiga mstari chini yake, na pembeni, kwa herufi ndogo akidhani sitaona: "Dada hajanishawishi."